Miezi Tisa na Printa za Simu Ufukweni Dunga

Mteja wa ufukweni hulipa akiwa ameishika picha yake mkononi, na akiondoka bila picha, pesa nazo huondoka naye. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipiga picha Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria jirani na Kisumu, siku ya Jumapili, nikaandika nambari za simu kwenye daftari, Jumatatu nikazipeleka picha studio ya mjini Kisumu zikachapishwe, kisha nikaanza kuwapigia wenyewe simu. Mmoja amesafiri kwenda Busia, wa pili hana kitu hadi mwisho wa mwezi, wa tatu ananiambia nimtumie tu kwa WhatsApp, na ile picha aliyoiagiza kwa bashasha inabaki kwangu ndani ya bahasha. Nyumbani nina katoni nzima ya nyuso za watu nisiowajua, na kila karatasi iliyomo humo niliilipia mwenyewe.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nianze kununua printa ndogo zinazounganishwa na simu, na kwa miezi tisa nimezitumia za aina tatu ufukweni, harusini, na katika sherehe za vijijini kuanzia Seme hadi Vihiga. Bei nitakazozitaja ni zile nilizolipa mimi. Majina ya mashine zangu sitayataja, kwa kuwa matatizo mengi niliyoyapata ni ya aina ya mashine, si ya kampuni moja, na mengine niliyaleta mwenyewe kwa haraka yangu.

Wazo lenyewe si geni. Polaroid ilitoa PoGo mwaka 2008, kijisanduku cha mfukoni kilichopokea picha kutoka kwenye simu kwa Bluetooth na kuichapa bila wino. Mwaka 2015 likaja wazo la Prynt, kava la kuivalisha simu yenyewe, simu na printa zikawa kitu kimoja mkononi. Lilipendeza kulitazama, lakini simu hubadilisha umbo kila mwaka, hata tundu la kuchajia hubadilika, na kava lililokatwa kwa simu ya leo haliikubali simu ya mwaka kesho. Printa zinazouzwa siku hizi karibu zote hukaa kando na kuzungumza na simu kwa Bluetooth au kwa Wi-Fi, jambo linalomfaa sana mtu ambaye, kama mimi, hubadilisha simu kila inapoanguka ziwani.

Printa yangu ya kwanza ilikuwa ya karatasi isiyohitaji wino, inayotoa picha ya inchi 2 kwa 3. Karatasi yenyewe ndiyo yenye rangi: ndani yake mna tabaka za chembechembe za samawati, waridi na manjano zisizoonekana kwa macho, na mashine hufanya kazi moja tu, kuzipasha moto wa kiwango na muda tofauti ili kila tabaka itoe rangi yake kwa zamu. Teknolojia hiyo, iitwayo Zink, ilizaliwa ndani ya Polaroid na kujitenga kuwa kampuni yake mwaka 2005. Kwa kuwa hakuna katriji wala utepe, mashine inaingia mfuko wa shati, na nyuma ya picha kuna gundi iliyofunikwa, hivyo kijana anaibandua na kuibandika papo hapo nyuma ya simu yake au kwenye daftari la shule.

Vijana waliipenda. Mimi niliichoka kufikia wiki ya tatu. Mashine inayochapa kwa moto ikiwekwa juu ya meza ya mbao, saa nane mchana, kandokando ya ziwa, hufika mahali ikaamua kupumzika. Taa inawaka na kuzima, na mteja anasubiri mashine ipoe huku bodaboda aliyemleta akipiga honi. Rangi nazo hazikunipendeza. Ngozi nyeusi ilitoka na wekundu usio wake, na nguo nyeupe zilikuwa na kivuli cha waridi. Baadaye niligundua kwamba kila pakiti huja na kadi ya rangi ya samawati inayotakiwa kuingia kwanza, upande uliochapwa ukitazama chini, ili mashine ijirekebishe kulingana na karatasi za pakiti hiyo. Mimi nilikuwa nikizitupa kadi hizo nikidhani ni matangazo. Nilipoanza kuzitumia rangi zilitengemaa kidogo, lakini picha ilibaki ndogo, na mzee wa miaka 70 aliyepigwa pamoja na wajukuu 11 hakuweza kumtambua hata mmoja wao. Karatasi 20 nilizinunua kwa shilingi 2,000, maana yake kila picha ilinigharimu shilingi 100, na hakuna aliyekuwa tayari kulipa zaidi ya 150 kwa kitu cha ukubwa huo. Mashine hiyo sasa ni ya binti yangu.

Kuhusu zile zinazotumia Instax, filamu ya papo hapo ya Fujifilm, sina mengi ya kusema, kwa sababu niliazima ya rafiki kwa mwezi mmoja tu. Hapo mashine haichapi kwa maana tunayoizoea: inaimulika filamu halisi kwa mwanga, kisha filamu inapita kati ya roli mbili zinazopasua kifuko cha dawa kilichomo ndani yake, na picha inajitokeza polepole mbele ya macho yako kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Upole wa rangi zake ni wa kupendeza, na ule ukingo mweupe wa chini ni mahali pazuri pa kuandika jina na tarehe kwa kalamu. Lakini picha yenyewe ni milimita 62 kwa 46, na filamu 20 zilinigharimu shilingi 3,000. Wapenzi wawili waliokuja kutazama jua likitua watalipa 300 bila kulalamika. Familia ya watu wanane haitalipa.

Mashine iliyonibadilishia kazi ni ya tatu, ile inayotumia utepe wa rangi na kutoa picha ya ukubwa wa postikadi, milimita 100 kwa 148. Selphy za Canon ndizo zinazojulikana zaidi katika kundi hili, ingawa Kodak na wengine nao wanatengeneza. Haiingii mfukoni, bali huingia kwenye begi la mgongoni pamoja na betri yake, ambayo kwa mashine nyingi za aina hii huuzwa kando. Nawashauri wasiokuwa na betri hiyo wasijidanganye kwamba wanamiliki printa ya kutembea nayo, kwa maana stima ya kwetu hupotea bila kuaga, na huko vijijini penye sherehe mara nyingi haipo kabisa, au ipo jenereta moja ambayo mpiga muziki ameshaimiliki.

Namna inavyofanya kazi ni burudani yenyewe, na nimekuja kuamini kwamba nusu ya biashara yangu hutokana na watu kuitazama. Utepe una sehemu za manjano, waridi, samawati, na ya mwisho isiyo na rangi. Kichwa chenye joto huigeuza rangi ya utepe kuwa mvuke unaoingia ndani ya karatasi, rangi moja kwa safari moja, kwa hiyo karatasi huingia na kutoka mara nne. Huko Seme, katika sherehe ya kumshukuru dani mmoja (ndivyo Waluo wanavyomwita nyanya) aliyekuwa ametimiza miaka 85, niliiweka printa juu ya kiti cha plastiki na wajukuu wakakizunguka. Karatasi ilipotoka mara ya kwanza ilikuwa na sura yake yote kwa manjano matupu. Dani aliitazama, akanitazama mimi, akauliza, “Mwanangu, mbona umenipaka homa ya manjano?” Nikamwomba avumilie. Ikaingia, ikatoka na wekundu, watoto wakasema sasa dani amekasirika. Ikaingia tena, na ilipotoka mara ya tatu kitambaa chake cha kichwani kilikuwa cha buluu kama kilivyokuwa kichwani pake, mikunjo ya uso ikawa ya ngozi yake, na kelele zikakatika. Safari ya nne ni ya kuipaka picha tabaka angavu inayoikinga na maji na alama za vidole. Nilivunja vipande vya pembeni, ambavyo karatasi hizo hutengenezwa navyo ili mashine ipate pa kuishika, nikampa. Aliifuta kwa upindo wa leso ingawa haikuwa na vumbi wala unyevu, akaifunga humo humo. Kazi yote haikufika dakika moja, na wanawe walinunua nakala tisa kabla sijakaa chini.

Hesabu yake pia ni rahisi kuliko ya printa ya wino ya ofisini, ambayo hukuacha ukikisia wino umebaki kiasi gani. Karatasi na utepe huuzwa pamoja na huisha pamoja. Kisanduku cha karatasi 108 kina tepe tatu, kila utepe ukitosha karatasi 36, na mimi nilikipata kwa shilingi 6,000, kwa hiyo kila picha hunigharimu takriban shilingi 56, iwe ni picha ya usiku mweusi au ya shati jeupe. Ninaiuza 150 ufukweni na 200 sherehe zinapokuwa mbali. Kipindi cha fomu za basari, yaani msaada wa karo, mambo huwa mazuri zaidi: karatasi moja inatosha picha nane za milimita 35 kwa 45, na programu ya simu inazipanga yenyewe, kwa hiyo mzazi aliyefika kwa chifu na kukumbuka kwamba mtoto hana picha halazimiki kupanda matatu kurudi mjini. Ninachohitaji ni shuka jeupe, ukuta, na mtoto aliyekubali kutocheka.

Ina maudhi yake, na kubwa ni vumbi. Kwa kuwa karatasi huingia na kutoka mara nne, na katika baadhi ya safari hizo hutokeza pia kwa nyuma, unyoya mmoja au punje moja ya mchanga ikikaa juu yake huzuia rangi isiingie, na mahali hapo panabaki doa jeupe. Katika harusi moja huko Vihiga nilipanga meza yangu ukingoni mwa hema, mahali ambapo magari ya maharusi yalikuwa yakipita juu ya murramu. Bwana harusi alitoka na suti iliyotapakaa nukta nyeupe kama aliyetoka kinu cha unga. Niliirudia picha mara sita kabla ya kuelewa kwamba kosa halikuwa la mashine. Siku hizi huchapa nikiwa ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, au ndani ya katoni kubwa niliyoilaza kwa ubavu, nikihakikisha nyuma ya mashine kuna nafasi ya urefu wa karatasi, maana ikigonga kitu huko nyuma rangi hazikai moja juu ya nyingine na sura hupata vivuli viwili.

Maudhi ya pili yamo kwenye simu. Mashine hii huwasiliana kwa Wi-Fi yake yenyewe, si ya intaneti. Simu nyingi zikishaunganishwa nayo hugundua kwamba hakuna intaneti hapo, zikaamua kwa hiari yao kurudi kwenye data, na picha inakwama katikati ya safari bila maelezo. Dawa yake ni kuzima data kwa muda ule wa kuchapa. Malipo hayaathiriki, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa huja kama ujumbe wa kawaida wa simu na hauhitaji data, lakini mteja anayetaka kunitumia picha yake kwa WhatsApp ili nimchapie hana budi kusubiri. Nimeishia kuwa na simu mbili, ya zamani ikiwa ni ya printa pekee. Kwa printa za Bluetooth tatizo hili halipo, ingawa nazo hazipendi kusogezwa mbali, na mita kumi zenye umati wa watu katikati si mita kumi za kwenye kijitabu cha maelezo.

Lipo jambo la tatu, ambalo sijamsikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Utepe uliokwisha kutumika hubaki na alama ya kila picha uliyochapa, kwa sababu rangi hutoka pale tu inapohitajika na pengine pote hubaki. Siku moja kijana anayekusanya takataka ufukweni aliuvuta utepe wangu mzee kutoka kwenye pipa, ukafunguka kama utepe wa kaseti, na juani nikamwona bibi harusi wa juma lililotangulia, akiwa wazi kabisa, na baada yake watoto wawili wa fomu za basari. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na hata isingekuwapo, sura ya mtu aliyekuamini si ya kutupwa jaani. Sasa hukata tepe zangu vipande kwa makasi kabla ya kuzitupa. Anayechapa nakala za vitambulisho kwa mashine za aina hii anapaswa kuwa mwangalifu zaidi yangu.

Nimeulizwa sana kuhusu zile printa ndogo za risiti, ambazo pia huunganishwa na simu, na ambazo wenye maduka wengi wanazifahamu. Hizo ni za kazi nyingine kabisa, lakini nimekuwa jirani wa moja kwa muda wa kutosha kuitolea maoni. Mama mmoja anayeuza samaki aina ya mbuta na ngege kwa jumla alinunua ya karatasi ya milimita 58 ili awape risiti wateja wa mahoteli. Ni ya bei nafuu, chaji yake inakaa siku nzima, na haina wino wowote: karatasi imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto, na unaweza kuihakikisha kwa kuikwaruza upesi kwa ukucha, mstari mweusi utatokea upande wenye dawa. Ubora wake unaishia hapo hapo, kwa kuwa dawa hiyo haivumilii jua, joto wala mafuta, na mikono ya mwenye kukaanga samaki ni mafuta matupu. Mhasibu wa hoteli mmoja alimrudishia risiti za mwezi uliopita zikiwa nyeupe pe, akitaka kujua analipia nini. Tangu hapo mama huyo huhifadhi nakala ya kila risiti ndani ya simu, na kwa madeni makubwa huandika kwa kalamu kwenye kitabu cha nakala mbili, kama alivyofanya mama yake. Wanaoinunua kwa ajili ya kodi nao wajue kwamba karatasi iliyotoka kwenye programu ya kawaida ya risiti haigeuki kuwa ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, kwa sababu tu imechapwa vizuri. Ni lazima ankara iwe imetolewa ndani ya mfumo wa mamlaka hiyo, KRA, na printa inaichapa tu.

Kwa anayetaka picha za kumbukumbu ya familia, mara mbili au tatu kwa mwaka, sioni sababu ya kununua yoyote kati ya hizi. Studio za mjini bado zinachapa vizuri na kwa bei ya chini, na hazitakuachia utepe uliobaki nusu ukizeeka kabatini. Anayetaka kuchapa kadi za mwaliko au fomu naye atafute saiba, duka la huduma za kompyuta. Lakini kwa mpigapicha wa mitaani, awe Dunga, Muliro Gardens kule Kakamega, au Nyayo Gardens mjini Nakuru, mashine ya utepe ni chombo cha kazi, na yangu iliirudisha bei yake ndani ya miezi minne, nikihesabu na zile picha sita za bwana harusi wa unga.

Tatizo ambalo sijalimaliza ni karatasi. Hapa Kisumu nimewahi kuzunguka Oginga Odinga Street asubuhi nzima nikitafuta kisanduku kimoja, nikapata maduka matatu yanayouza mashine na hakuna hata moja lenye karatasi zake. Sasa huagiza Nairobi visanduku viwili kwa pamoja, vinakuja na basi la usiku, na kimoja hukaa bila kufunguliwa hadi cha kwanza kibaki na utepe mmoja. Niliwahi pia kujaribu karatasi za bei rahisi zisizo na jina, na sehemu ya nne ya utepe ule haikupaka vizuri, picha zikashikana ndani ya bahasha. Kwa hiyo unapoingia dukani, mwombe muuzaji achape picha moja kutoka kwenye simu yako mwenyewe, si ya kwake iliyokwisha kuzoeana na mashine, kisha muulize karatasi ziko rafu gani. Akianza kukueleza kwamba zinaagizwa, mrudishie mashine yake taratibu na umshukuru kwa ile picha.